Mbuga zikiisha kwa majaruba, ng'ombe wapite wapi kiangazi?

Msimu wa mpunga ukianza huku Misungwi na Kwimba, Usukumani, malalamiko ni yaleyale. Mfugaji anasema njia za ng'ombe zimefungwa, mkulima anaonyesha tuta la jaruba, kile kitalu cha mpunga, lililokanyagwa usiku. Na mara nyingi hao ni ndugu, au hata mtu mmoja mwenye majaruba matatu na ng'ombe ishirini.

Ili kuelewa kinachogombewa, shuka mlimani kwa miguu. Juu ni mawe. Chini yake kuna luseni, kichanga cha mihogo na karanga, kisha itogolo, ardhi ngumu isiyopenda jembe. Bondeni kabisa ndiyo mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi (Usukumani mbuga si lazima iwe na twiga). Masika unanasa kwato. Agosti unapasuka nyufa za kumezea mguu wa ndama, lakini ukiingiza mkono ndani unakuta ubaridi wa unyevu. Unyevu huo ndio unaobakiza majani mabichi bondeni wakati ya kilimani yameshakuwa meupe.

Tofauti hiyo si ya rangi tu. Majani yakikomaa na kukauka, protini inashuka. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi, tumbo la ng'ombe linasaga polepole na hamu ya kula inapungua. Ndiyo maana unaona mnyama amesimama kwenye nyasi ndefu huku mbavu zinahesabika. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku, na ubora wake ni muhimu kama wingi wake.

Mkulima ana hoja nzito. Mpunga unalisha nyumba na kulipa ada, na baada ya mavuno mabua yake yanaliwa na ng'ombe. Anayesema mifugo ipunguzwe naye hakosei kabisa: eneo lisilopumzishwa hupoteza nyasi nzuri, likabaki na vichaka na vipara. Ila asisahau kwamba ng'ombe ndiye akiba na mahari, na maksai ndiye anayelima hayo majaruba.

Ninapopingana na wakulima ni kwenye hesabu. Wanasema, "Tumechukua kipande kidogo tu cha bonde." Kweli ni kidogo kwa ekari. Lakini kipande hicho ndicho kinachovusha kundi zima kutoka Agosti mpaka mvua za vuli. Ukikiondoa, hata malisho mengi ya kilimani yanapoteza kazi, kwa sababu kundi halitafika msimu ujao likiwa na nguvu. Mabua ya mpunga huisha mapema, tena hulishwa kwa ridhaa ya mwenye shamba.

Kukimbilia ziwani si jibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Kuhamia Katavi, Rukwa au Morogoro, kama wengi walivyofanya, ni kuhamisha ugomvi kwa wenyeji wengine.

Mimi naegemea ngitili: eneo la malisho linafungwa masika, linafunguliwa kiangazi. Shinyanga waliufufua utaratibu huu kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, na miti na majani vikarudi. Hofu yangu ni kwamba mwenye ng'ombe wengi hujifungia eneo kubwa, na mama mwenye mbuzi wawili anabaki barabarani. Kwa hiyo iwe ya kijiji, ipitishwe na mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa nafasi hiyo.

Na isipelekwe kwenye itogolo kwa kuwa tu hakuna anayepataka. Kabla ya kupitisha ramani, wajumbe washuke bondeni mwezi wa tisa wakiwa na wachungaji, wale vijana wanaoshinda juani na ng'ombe, wawaonyeshe ni wapi majani bado mabichi na ni wapi kundi linapita kwenda lamboni. Hapo ndipo pa kuweka alama kwanza, majaruba yapangwe kuzunguka.