Gari la mbio la fundi mmoja: injini si hoja

Picha za Mada 9 hazikosi kurudi kwenye simu za mafundi wa Ngamiani hapa Tanga, na kila zikirudi ubishi unaanza upya. Ni gari la mbio, la pekee, lililobuniwa Kabul na mhandisi Mohammad Riza Ahmadi, likaonyeshwa mwanzoni mwa 2023 baada ya kazi ya takriban miaka mitano. Umbo lake linatisha. Ndani mna injini ya Toyota Corolla.

Hapo ndipo wabishi wanapopata la kusema: eti ni Corolla iliyovalishwa kanzu ya harusi. Kicheko kinanoga, ila hoja haina miguu. McLaren F1 ya 1992, iliyotamba duniani kwa kasi, ilifungwa injini ya BMW. Pagani huchukua injini kwa Mercedes. Lotus Elise nayo iliwahi kutumia injini za Toyota. Kuunda injini kuanzia kwenye kalibu ni kazi ya kiwanda kizima, na fundi mwenye akili haanzii huko. Tena ya Corolla ikiharibika, spea unazipata Tanga mjini kabla ya adhuhuri.

Ningekuwa mkosoaji, ningeinama nichungulie chini. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari, imechomelewa kwa bomba la unene gani? Shokapu zimeshikiliwa wapi? Diski za breki zimetoka kwenye gari la uzito gani? Ukitoka mwendo wa 80 ukafika 160, kazi ya breki haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Breki za gari la kupeleka watoto shule zikilazimishwa kazi hiyo mara kwa mara, mafuta yake huchemka na pedali inazama hadi chini. Video ya gari likitambaa taratibu mbele ya kamera haikuonyeshi hata kimoja katika hayo.

Lipo na tatizo ambalo gari la pekee haliwezi kulikwepa. Viwanda hugongesha magari ukutani makusudi ili kupima usalama. Mwenye gari moja atagongesha lipi? Uingereza waliweka ukaguzi wa gari mojamoja: mkaguzi anaangalia breki, taa, moshi, usukani, na mahali mikanda ilipofungiwa. Likifaulu, linasajiliwa. Haulingani na kipimo cha ukutani, lakini angalau fundi ana mlango wa kubisha hodi.

Hoja ya fedha ina uzito zaidi. Huu ni mkoa wa mkonge, na kilio cha wakulima wadogo ni uhaba wa korona, mashine za kusindika majani ya mkonge wao. Anayeweza kuchomelea chesisi, kwa nini asiwaundie mashine ndogo? Naikubali nusu. Kijana hakeshi gereji kwa ajili ya korona, anakesha kwa ajili ya gari linalomtoa udenda. Akishajua kupiga hesabu za uzito na kuchomelea bomba lisipinde, mkulima naye atafaidika, mradi awepo wa kumlipa.

Ninachokiogopa mimi ni shangwe. Kenya, Rais Moi alipowaagiza wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde gari, yalipatikana magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer, yakafikia kilomita 120 kwa saa. Si haba! Lakini yakatakiwa yawe kiwanda cha taifa, fedha hazikutosha, na kazi nzuri ikabaki hadithi ya kushindwa.

Kwa hiyo likitokea la Tanga, tusianze kumuuliza fundi ataliuza lini. Atuonyeshe picha za chesisi kabla haijafunikwa na bodi, na mamlaka zimpe mkaguzi anayejua anachokitafuta. Na jaribio la kwanza lisifanyike barabara ya Segera, yenye vibao vya 50 kila penye makazi na bodaboda wanaokata kona bila kuwasha indiketa.