Bomba la Moshi Lina Lake Jambo

Jamani, mie sina ugomvi na nyuki. Nyuki akinichoma namwelewa. Nimeingia kwake bila ya hodi, nimemfunua paa, nachukua akiba ya watoto wake. Ingekuwa mie ningechoma pia. Ugomvi wangu ni na hili bomba la moshi.

Kwa asiyelijua, ni mkebe wa bati wenye mdomo kama wa birika, na mgongoni umebeba mvukuto. Unatia moto, unajaza vitu vya kufuka, unafunika, unaminya, moshi unatoka puu, puu. Nyuki wakiunusa hudhani msitu unaungua, basi hukimbilia kujishindilia asali tayari kwa safari, na mwenye tumbo lililojaa hana hamu ya kugombana. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Na siku zote mbili bomba la mwalimu lilifuka kuanzia chai ya asubuhi mpaka wali wa mchana. La kwangu lina umri wa dakika kumi. Na kutoka nyumbani mpaka kwenye mizinga, kupanda mlima huku nasukuma baiskeli, ni dakika kumi.

Mizinga yangu ni sita, iko juu kwenye mikarafuu, huku kaskazini ya Pemba. Nikiwa uani bomba linafuka mpaka mke wangu anafunga madirisha. Njiani linafuka, watoto wananifuata nyuma wakishangilia. Nikishafika, nikavaa kofia ya wavu, nikavaa glavu, nikafunua mzinga, wenyewe wakatoka kuja kuuliza ni nani huyo, naminya: fyuu. Upepo mtupu. Upepo safi wa baridi, kama vile nawapepea wageni wa heshima.

Hebu fikiria hali ya mja huyo. Mzinga uko wazi. Kibiriti kiko mfukoni, mfuko uko ndani ya ovaroli, na vidole viko ndani ya glavu nene kama boflo. Kwa glavu kibiriti hakishikiki. Ukivua, umewatolea mkono mtupu kama sinia ya futari. Na akishachoma mmoja hapo, anaacha harufu ya kuwaita wenzake, harufu ambayo wataalamu wanasema inafanana na ndizi mbivu. Kila anayeinusa anakuja kutia mchango wake. Dawa ya kuifunika harufu hiyo ni moshi. Sasa moshi uko wapi? Na mie siku moja, nisiwafiche, nilikuwa nimetoka kumaliza nusu chane ya ndizi.

Siku hiyohiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo baraza zima linalo. Nilifungua kifuniko nikaona cheche moja imejificha chini. Nikasema hii nikiipuliza kwa mdomo itashika. Nikainama. Nikasahau kama nimevaa wavu. Cheche kweli ilishika, ila ilishika wavu, ikatoboa tundu la ukubwa wa shilingi. Nyuki aliyeingia ni mmoja tu, lakini skwambii, kuliko nyuki mmoja ndani ya kofia, bora mia nje. Niliteremka mlima ule kwa mwendo ambao sijawahi hata nilipokuwa kijana nachezea timu ya shehia.

Kuanzia hapo kila mtu kawa bingwa wa moshi. Nikipita na bomba, hakosi wa kuniita. Mmoja akasema tia makumbi ya nazi. Nikatia makumbi, na huu ni mwezi wa masika, Pemba yetu hii hata chumvi kwenye kopo inatoa jasho; makumbi yakatoa mvuke badala ya moshi. Mwengine akasema mavi ya ng'ombe makavu. Hayo, kusema kweli, yanafuka pole na kwa muda mrefu, lakini mteja wangu mmoja aliinusa asali akaniangalia, akainusa tena. Fundi seremala akanipa maranda bure. Maranda yakawaka kama jiko la biashara, yakarusha cheche, mdomo wa bomba ukatoa ulimi wa moto. Na moshi wa nyuki unatakiwa uwe wa baridi, uweze kuujaribu kwa kiganja, si wa kuwaunguza mbawa. Mwengine tena, huyu naamini alikuwa na nia mbaya, akasema tia makonyo, vile vijiti vya karafuu, harufu yake nzuri. Nifukize makonyo mlimani peke yangu magharibi? Nitajibu nini nikiulizwa karafuu zenyewe nimezipeleka wapi?

Ami yangu ndiye aliyenimaliza. Yeye zamani akirina asali usiku kwa mwenge wa makuti, hana kofia wala glavu. Alilishika bomba langu, akaligeuza juu chini, akaminya mara mbili, akanirudishia.

"Mwanangu, umeuziwa filimbi."

Nikenda kusoma kwenye simu, maana nilitaka kumjua aliyenitia kwenye mtihani huu. Bomba lenye mvukuto wa namna hii ni kazi ya Mmarekani mmoja, Moses Quinby, miaka ya 1870. Na la kwake nalo lilikuwa likizimika! Nilifarijika, wallahi. Ikabidi Mmarekani mwenzake, Bingham, aache mwanya kati ya mvukuto na mkebe, ili hewa ijiingilie yenyewe hata usipominya. Nikakimbilia kulitazama langu. Mwanya upo. Kwa hivyo Bingham hana kosa, na mie ndiyo sina tena wa kumlaumu.

Tena kinachoniuma zaidi kiko ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu ana chetezo cha udongo, kimemeguka ukingo, hakina mvukuto, hakina Mmarekani. Anatia makaa mawili, chembe ya udi, anakisukuma chini ya kitanda, kinafuka mpaka kanga, mito, mashuka na mie mwenyewe tunanukia. Hakuna siku kilizima. Jioni moja aliniona nimepiga magoti uani nashindilia makumbi kwa mpini wa mchi.

"Bwana wee, hiyo ni bunduki ya zamani unayoishindilia?"

"Nataka lijae."

"Moto nao unapumua. Na mbona unawashia juu?"

Akanipokonya. Akatia makaa yake chini, juu yake usumba ulochambuliwa, akaminya mpaka ukashika, kisha kumbi kavu alizoziweka juu ya jiko tangu asubuhi, mwisho majani mabichi ya kupoza. Hata hakukohoa. Nikapanda mlima linafuka. Nikafika linafuka. Nikamaliza mzinga wa kwanza, nikamaliza wa pili, nyuki watulivu kama wanafunzi wa madrasa mbele ya fimbo. Mzinga wa tatu masega yamejaa, meupe, yamezibwa kwa nta mpaka pembeni. Nikataka mikono miwili. Nikalilaza bomba ubavu kwenye majani.

Basi nalo likalala kweli. Kumbe lazima lisimame ndiyo livute hewa. Ukilibwaga ubavu linajua kazi imekwisha. Nikaufunika mzinga mbiombio, nimeshachomwa mara nne, nikalifunga bomba kwenye keria ya baiskeli, kimya, halitoi hata uzi wa moshi, nikaanza kuteremka kwa hasira.

Nusu ya mteremko nikaona watu wa barazani wanasimama mmoja mmoja.

"Yakhe! Nyuma kunaungua!"

Nikageuka. Mwanya wa Bingham ulikuwa unapokea upepo wa mteremko mzima, na bomba linatoa moshi ambao sijawahi kuuona maishani: mweupe, mzito, wa baridi. Nikatia kiganja, raha tupu. Bibi mmoja keshatoka mbio na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo.

"Msilimwagie!" nikapiga kelele. "Msilimwagie, ndiyo kwanza limekubali!"

Nikaigeuza baiskeli palepale, nirudi kwenye mzinga wa tatu kabla ya magharibi. Ila kule ni kupanda, baiskeli inasukumwa kwa mkono, na mwenye kusukuma baiskeli hana upepo.