Mgongo wa mwokota korosho: mkono wa mkandaji au kidonge cha dukani?

Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukishika kasi, watu wa Newala na Tandahimba huinama tangu alfajiri wakiokota chini ya mikorosho. Jioni hakuna anayeuliza kama mgongo unauma. Kinachoulizwa ni nani wa kuuchua. Kwa hiyo video zinazozunguka kwenye simu, za wataalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mkono, wakizungusha shingo ya mtu mpaka ilie, hazikutukuta wageni kabisa. Huku kusini kuchua na kunyoosha viungo ni kazi ya siku nyingi.

Wanaoipinga tiba hiyo wana hoja nzito. Kairopraktiki ilianza mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, Marekani, pale D. D. Palmer alipodai kumrudishia Harvey Lillard usikivu kwa kusukuma pingili ya mgongo wake. Juu ya kisa hicho akajenga nadharia kwamba pingili ikihama kidogo hubana mishipa ya fahamu, na kwamba humo ndimo yanamotoka karibu magonjwa yote. Lakini mshipa wa kusikia haupiti mgongoni. Unatoka sikioni na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Na ule mlio unaoshangiliwa hauna uhusiano na mfupa kurudi mahali pake, ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo. Mwaka 2010 baraza linalosimamia taaluma hiyo Uingereza lenyewe lilitamka kwamba nadharia ya pingili zilizohama haina ushahidi wa kitabibu wa kuihusisha na magonjwa. Basi anayekuahidi kwamba ukinyooshwa mgongo utapona kisukari au pumu, mkatalie.

Ninapoachana na wapinzani ni pale wanapotupa mkono pamoja na nadharia. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na kati ya tiba lilizozikubali zimo kunyoosha uti wa mgongo kwa mkono na kuchua, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Ni kweli, pendekezo hilo lina masharti, na nafuu inayopatikana ni ya wastani. Mwongozo huohuo haukuyakubali mambo kadhaa, ikiwemo mikanda ya kubana kiuno, ambayo kwetu inauzwa kama dawa.

Nafuu ya wastani, ukiilinganisha na nini? Hapa ndipo ninapoona mkandaji anaonewa. Anayezungumza akiwa Dar es Salaam hulinganisha mkono na daktari bingwa wa mifupa, na mkono unashindwa. Mama wa Kitangari, kijijini Newala, yuko mbali na bingwa huyo. Kilicho jirani naye ni duka la dawa, na dukani atapewa diklofenaki, kidonge cha kutuliza maumivu. Atameza leo, ataamka kesho aende shambani, jioni atameza tena, na hivyo hivyo mpaka minada ya korosho iishe. Vidonge hivyo vina kazi yake, tena vinasaidia kwa siku chache. Vikimezwa miezi mfululizo bila kupimwa huchubua tumbo hadi vidonda na damu, hupandisha presha, na huumiza figo, hasa kwa mzee au kwa mtu anayeshinda juani bila maji ya kutosha. Na ni nani anayeokota korosho akiwa na maji ya kutosha? Figo haiumi mapema, kwa hiyo hakuna anayekihesabu kidonge hicho kuwa hatari. Mkono wa mkandaji, ambao hauingii kwenye figo ya mtu, ndio unaoitwa ushamba.

Hata hivyo mkono nao una mipaka, na mpaka ninaouogopa zaidi ni kifua kikuu cha mifupa. Hula pingili taratibu, mtu akidhani ni kazi za shamba, mpaka nundu itokeze mgongoni au miguu ipooze. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuporomoka. Shingo nayo isizungushwe ghafla: ni nadra, lakini mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Mama mmoja mkandaji wa Mikindani ninayemfahamu hamgusi mwanamke kabla ya kumuuliza kama ana mimba. Mengine yangeweza kuulizwa papo hapo, kabla ya chupa ya mafuta ya nazi kufunguliwa. Una homa za jioni au umepungua mwili? Uliwahi kuanguka kutoka juu ya mti? Mguu umelegea? Una ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umegoma? Likijibiwa ndiyo hata moja, mafuta yafunikwe na safari ya hospitali ya Ligula mjini Mtwara, au hospitali ya Sokoine kwa watu wa Lindi, ianze siku hiyohiyo.