Askofu, Rais na Milioni 2 za Kayole

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliisema wazi serikali ya Rais William Ruto, na miongoni mwa waliyoyalalamikia ni utamaduni wa uongo. Siku tatu baadaye, Jumapili, Ruto akasali katika kanisa Katoliki la Soweto, mtaa wa Kayole jijini Nairobi, akatoa shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaandika barua kuagiza zirudishwe.

Wanaotaka Wakristo wanyamaze wana andiko. Paulo alipomwita kuhani mkuu ukuta uliopakwa chokaa, alijirudi akinukuu torati: "Usimnenee mabaya mkuu wa watu wako." Tena Nathani hakumwanika Daudi sokoni. Alimwendea, akamsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, mfalme akatubu. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mkubwa akiumbuliwa hadharani hutafuta msemaji wa kumtetea kabla ya kutafuta toba.

Naikubali kwa dhambi za chumbani. Nyumba ya waziri ikiwaka moto, mchungaji wake aende usiku, wafunge mlango. (Yohana Mbatizaji ananisumbua hapo: ndoa ya Herode haikumzuia kusema, akakatwa kichwa.) Ila ahadi ya uongo hutolewa kwenye mkutano wa hadhara. Ikikemewa kwa kunong'ona Ikulu, aliyedanganywa atajuaje kama kanisa lake nalo lilisikia?

Zamani kusema kulikuwa na gharama nyingine. Mwaka 1990 Waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Alexander Muge wa Anglikana kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda, na akirudi akafa katika ajali ya barabarani. Siku hizi askofu hatishwi sana. Analetewa mchango, na kwaya inashangilia.

Ndiyo maana barua ya Anyolo naiona nzito kuliko tamko lenyewe la maaskofu. Hata hivyo watetezi wa Ruto hawakukosea walipokumbusha kwamba alipokuwa naibu rais alichangia makanisa karibu kila wikendi, na viongozi wengi wa dini wakapokea kwa vigelegele. Muumini wa Kayole, ambaye padri wake amekosa nyumba, ana haki ya kuuliza kama agizo hilo litamgusa pia mgombea ubunge atakayekuja na bahasha kabla ya uchaguzi wa 2027.