Dokta, mshipa unapita wapi?

Picha ya taya ya kijana wa jirani imo ndani ya simu yangu tangu Alkhamisi. Mama yake ndiye aliyenitumia, na chini yake sauti ya dakika tatu: gego la mwisho la chini, upande wa kulia, limeota kwa ubavu, fizi inavimba kila baada ya wiki mbili, daktari kasema litolewe kwa kupasuliwa, na shangazi yake aliyeko Dar kasema mtoto asiguswe na mtu mpaka apigwe "ile skani inayozunguka kichwa". Sasa wanataka kuchangishana. Boti kutoka Mkoani hadi Unguja, Unguja hadi Dar, watu wawili, pa kulala, chakula, na skani yenyewe.

Mimi si daktari, ni mwalimu wa skuli. Ila hapa mtaani Chake, Pemba, nimeshafanywa mtaalamu wa magego kwa sababu moja tu, nayo ni mdomo wangu.

Miaka sita nyuma, nikiwa na umri wa miaka 41, nilitolewa gego kama hilo, la kushoto. Nilitolewa wapi, sisemi. Nilipigwa picha moja ndogo, ile unayoing'ata kwa meno. Daktari akaiinua kwenye taa, akasema litatoka. Ncha za mizizi zilikuwa zimekatwa na ukingo wa picha; hilo nimekuja kulielewa baadaye sana, siku ile sikujua hata kama mizizi ina ncha za kutazamwa. Nikapewa karatasi, nikatia saini bila ya kuisoma. Sindano ikapigwa, gego likatoka kwa tabu kidogo, nikarudi nyumbani na pamba mdomoni.

Ganzi ya sindano katika taya la chini hukaa saa tatu, nne, pengine tano. Laasiri ilinikuta nayo, nikaona sawa. Isha nayo ikanikuta. Alfajiri niliposukutua nikahisi maji upande mmoja wa mdomo, upande wa pili kama si wangu.

Hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu mdomo haukupinda. Mshipa ulioumia kazi yake ni kuhisi tu. Unaouchezesha mdomo ni mwingine kabisa, unapita usoni. Nikicheka, nacheka sawasawa. Nikisomesha, natamka sawasawa. Lakini barazani nilikuwa nikinywa kahawa inachuruzika kidevuni mpaka kwenye kanzu bila ya mimi kujua, na rafiki yangu mmoja, Mungu amjaze kheri, alikuwa akinisogezea kitambaa huku akiendelea kubishana mambo ya mpira. Siku moja nilinyoa ndevu nikajikata, nikaenda skuli na damu imekaukia shingoni. Watoto ndio walioniambia.

Nilipomweleza ami yangu kuwa mshipa umeguswa, aliinamisha sauti akaniuliza kama nimeshapata mtu wa kunipasua. Mnaoishi huku mnajua: mwanamme akitaja mshipa kwa kunong'ona, hasemi habari za taya. Lugha yetu imelibebesha neno hilo mizigo mingi, mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na ule wa ami, yaani ngiri. Labda ndiyo maana daktari anaposema "kuna mshipa hapo karibu" mgonjwa anaitikia tu kwa kichwa. Mimi niliitikia. Nilidhani anazungumzia damu.

Mshipa wenyewe, ambao ni wa fahamu, ni huu. Unaingia ndani ya mfupa wa taya la chini kwa nyuma, karibu na koo, unapita katika mfereji wake chini ya mizizi ya magego, halafu tawi lake linachomoza kwenye kitundu kidogo usawa wa meno yaliyo nyuma ya chonge, kwenda kuupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Gego la mwisho ndilo linalokaa karibu nao zaidi. Kwa watu wengine mizizi iko mbali na mfereji. Kwa wengine inaugusa, na wako ambao mizizi yao imeukumbatia. Upande wa ulimi pia unapita mshipa mwingine, wa hisia na ladha, ila huo umo ndani ya nyama, wala picha hizi za kawaida haziuonyeshi.

Sasa habari ya picha. Aliyopigwa kijana ni ile kubwa ya taya zima, madaktari wanaiita OPG. Mashine inamzunguka mtu, kisha taya lililopinda kama kiatu cha farasi linatandikwa bapa kama mkeka. Mfereji wa mshipa unaonekana kama njia yenye mistari miwili myeupe, mmoja juu na mmoja chini. Mwaka 1990 Rood na Shehab, madaktari wa Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu alama saba za kutafuta katika picha ya namna hii, na tatu kati ya hizo ndizo zilizohusiana zaidi na mshipa kuumia: mzizi kuingia giza pale unapopitana na mfereji, ule mstari mweupe kukatika, na mfereji wenyewe kupinda njia kana kwamba unalikwepa jino. Hizo si siri za madaktari. Ukionyeshwa kwa ncha ya kalamu unaziona mwenyewe.

Udhaifu wa OPG ni huohuo wa kutandika mkeka. Vitu viwili vikipandiana, haikwambii kipi kiko upande wa shavu na kipi upande wa ulimi. Hapo ndipo inapoingia skani ya shangazi, CT ya meno, ambayo inalikata taya vipande vipande kwenye kompyuta na kumwonyesha daktari mzizi umepita upande gani wa mfereji na kama baina yao kuna mfupa. Ni kifaa kizuri, sikibezi.

Ninachokibishia ni imani tuliyonayo, ya kwamba kipimo kikubwa ndicho kinachomlinda mtu, kama hirizi. Majaribio yaliyofanywa Ulaya yaliwagawa wagonjwa, hawa wakatolewa magego kwa OPG peke yake, wale kwa OPG pamoja na skani. Kuumia kwa mishipa hakukupungua kwa wale wa skani, angalau si kwa tofauti ya maana. Watu wanashangaa nikiwaambia hivyo, lakini fikiri: skani haimtoi mtu jino. Hata mshipa wenyewe haiuonyeshi, inaonyesha mfereji tu. Kama daktari atakata palepale na kusukuma vilevile, kujua kwake hakujamsaidia mgonjwa, na juu yake umeongezewa mionzi ambayo kwa kawaida ni zaidi ya ile ya OPG. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa picha za meno wa Ulaya wa mwaka 2019 unasema skani isiwe ya kila mtu. Ipigwe pale daktari ana swali mahsusi ambalo OPG imeshindwa kulijibu.

Na jibu la swali hilo libadilishe kitu. Linaweza kubadilisha wapi pa kukata mfupa, au ligawanywe vipi jino. Linaweza kuleta uamuzi wa kutolitoa lote: daktari anakikata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake, mbali na balaa. Ufaransa waliiandika njia hiyo mwaka 1984, na jaribio la London la mwaka 2005 lilionyesha kuwa inapofanikiwa inaulinda mshipa. Haifai kwa mizizi iliyooza, na mara nyengine mizizi iliyoachwa hupanda juu ikaja kutolewa baadaye, lakini wakati huo imeshaupa mshipa kisogo. Mimi sikupewa hata habari kuwa njia hiyo ipo. Linaweza pia kuwa jibu la kuliacha gego lilivyo. Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wao ni kwamba gego lililolala bila ya ugonjwa lisitolewe kwa sababu limelala tu. La kijana wetu lina ugonjwa, fizi zake ni shahidi. Mama yake anamwekea karafuu, na karafuu inatuliza kweli, madaktari wenyewe wanatumia mafuta yake kwenye dawa za kuzibia meno. Sisi Pemba hatuhitaji kuambiwa hilo. Ila karafuu hailinyanyui gego lililolala.

Kwa magego ya chini kwa jumla, ganzi ya muda huwapata wachache katika kila watu 100, na ya kudumu huwa chini ya mmoja katika 100. Ni kidogo. Kwa mzizi ulioshikana na mfereji hatari hupanda, na huwa kubwa zaidi kadiri umri unavyokwenda, mfupa ukishakuwa mgumu. Ningeambiwa hivyo huenda bado ningesema toa. Ninachodai ni kuambiwa.

Basi nilimjibu mama wa kijana hivi: "Dada yangu, kabla ya kuuza chochote, rudi kwa daktari na picha hiyohiyo. Mwambie, dokta, nionyeshe mshipa unapita wapi. Kisha muulize, tukileta skani, utafanya nini ambacho usingefanya bila ya skani?"

Jana usiku akaleta sauti nyengine. Anasema daktari alikunja uso kwanza, akauliza nani kakufundisha maswali haya. Halafu akaiweka picha dirishani, akapita na kalamu kwenye mistari miwili kutoka nyuma hadi mbele. Haikukatika popote. Mizizi imeishia juu yake, na baina yao mfupa unaonekana. Akasema hapa sina swali la kuiuliza skani, lakini mdomo unaweza kufa ganzi wiki kadhaa, na nadra sana usirudi, na akamwambia kijana arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Watatoa Jumatano.

Mwisho wa sauti akaniuliza, "Na wewe Mwalimu, ganzi yako bado ipo?"

Ilianza kurudi mwezi wa nne, kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi, wakanitambaa kidevu kizima mpaka mwaka ukapita. Kisha wakasita. Kimebaki kipande cha ukubwa wa kokwa ya tende, chini ya pembe ya mdomo, na nikinyoa napita hapo kwa kioo.