Topido zilizoizamisha Belgrano hazikuwa za kisasa

Kuna makala inayodai eti manowari ya Argentina, General Belgrano, ilizama Mei 2, 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina kugombea visiwa vya Falkland, kwa sababu nyambizi ya nyuklia ya Uingereza HMS Conqueror ilikuwa na silaha za kisasa kupindukia. Si kweli. Kamanda wa Conqueror, Chris Wreford-Brown, alikuwa na topido (makombora ya chini ya maji) mpya za Tigerfish, lakini hazikuaminika, akaamua kufyatua tatu za Mark 8, muundo wa tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mbili zilipiga. Moja iliikata pua ya meli, nyingine ikapasua upande wa nyuma, na mabaharia 323 wakafa. Belgrano yenyewe ilikuwa kuukuu: ndiyo ile USS Phoenix ya Marekani iliyonusurika Pearl Harbor mwaka 1941! Nyuklia ilikuwa kwenye injini, si kwenye topido (wengi huchanganya hapa). Joto la kinu cha nyuklia huchemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, hewa haihitajiki, kwa hiyo Conqueror iliweza kuinyemelea tangu siku iliyotangulia bila kulazimika kuibuka kuchaji betri kama nyambizi za dizeli. Hapo ndipo ukisasa wake ulipokuwa. Iliporudi Faslane, kituo chake huko Scotland, ilipeperusha bendera ya maharamia, ile ya fuvu, desturi ya wanamaji wa nyambizi wa Uingereza, na wengi walikereka. Ikastaafishwa 1990. Ninachoshangaa, makala hiyo haigusi kabisa kwamba Belgrano ilipigwa ikiwa nje ya eneo la maili 200 kuzunguka Falkland ambalo Uingereza ilikuwa imepiga marufuku meli kuingia, tena ikielekea magharibi. Nyie mnaonaje, lilikuwa shambulio halali?