Sampuli kwanza, jamani

Binti mmoja mchoraji amenionyesha picha yake iliyotoka kuchapishwa. Kwenye tableti aliipaka bahari ya Nungwi bluu ya kung'aa. Kwenye karatasi imekuja zambarau iliyochujuka. Alipouliza, fundi akamjibu: "Dada, rangi za kwenye kioo hazitoki kwenye karatasi." Akalipa, akaondoka. Jibu hilo limenikera, na silisikii leo tu.

Haya, ukweli kidogo umo. Kioo kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasi inategemea wino wa sayani (bluu yenye ukijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi, ambao unameza sehemu ya mwanga na kurudisha unaobaki. Ile bluu kali kabisa ya kioo, wino huo hauifikii, na mara nyingi huishia kwenye zambarau. Lakini hilo linajulikana kabla mashine haijawashwa! Muungano wa kimataifa wa rangi, ICC, ulianzishwa 1993 kwa kazi hiyohiyo, na profaili zake, yaani faili za maelezo ya rangi, hueleza mashine fulani, kwa wino na karatasi fulani, inaweza kutoa rangi zipi. Hata Krita, programu ya bure ya kuchorea, inakuonyesha picha itakavyotoka na kukuwekea alama mahali rangi ilipozidi uwezo. Fundi aliyejiandaa angemwambia: bluu hii haitafika, tuivute kidogo kwenye sayani, tazama. Binti angeamua mwenyewe.

Halafu sampuli, na hapa sirudi nyuma. Kata vipande vya picha vilivyo vigumu kuchapa, uso, bahari, kivuli, uvichape kwenye karatasi ileile na mashine ileile. Kuonyeshwa jaribio la karatasi ya ofisini wakati kazi yenyewe inakwenda kwenye turubai, kitambaa cha picha, hakunisaidii chochote. Angalieni nyuso zetu zinavyoumia: majenta ikizidi kidogo tu, ngozi ya maji ya kunde inageuka nyekundu kama ya mtu aliyeungua; wino ukizidi kivulini, shavu, shingo na kola ya shati vinakuwa doa moja jeusi. Mtu amekesha akitafuta rangi ya ngozi ya bibi yake, na mashine inaifuta kwa sababu hakuna aliyechapa kipande kidogo kwanza. Inaniuma kweli.

Na msiikague sampuli chini ya taa ya tyubu ya dukani. Wachapaji makini hutumia mwanga wa kelvini 5000, mweupe kama wa mchana. Usipokuwa nao, toka nayo nje, simama kivulini mchana.

Wachoraji nao wapunguze mwanga wa kioo, na waache kutuma kazi kama picha ya WhatsApp. Faili ziende kamili, zikiwa na profaili ya rangi ndani.

Najua nitakachoambiwa: wateja wana haraka na hawataki kulipa. Kwa bango la mkutano wa kesho, sawa, siwezi kubisha sana. Kwa mchoro ambao mtu atautundika ukutani au kuuuza, sikubali. Bandikeni bei ya sampuli dukani, mstari wake peke yake, karibu na bei ya A3 na A2. Mteja akiikataa, iandikwe kwenye risiti kwamba aliulizwa.